Kuku wa Mdomo Kombo

Paukwa!

— Pakawa!

Mbona mnaitika kama hamjala? Paukwa!

— Pakawa!

Haya, sasa nimewasikia.

Hapo kale palikuwa na mwanamke akiitwa Mwantumu, mfugaji wa kuku, na jirani yake Semeni, mjane asiyekuwa na hata unyoya. Mwantumu alipenda sifa. Wakisifiwa kuku, hunona yeye.

Siku moja kuku wake akaangua, na kifaranga mmoja akatoka na mdomo kombo, wa juu umekwenda kulia, wa chini kushoto. Mwantumu akamwaga chenga za mchele. Kifaranga akadonoa, patupu. Akadonoa, patupu. Akadonoa, patupu. Wanawake waliokuwa wakienda kisimani wakaangua kicheko. "Mwantumu, hicho nacho kimetoka kwako?"

Uso ukamshuka. Tangu hapo kila mgeni akipiga hodi, kifaranga hufunikwa tenga. Masikini, ana njaa, na giza tena! Siku ya tatu Mwantumu akampelekea Semeni.

"Shoga, chukua huyu, nimekupa."

"Umenipa kabisa?"

"Kabisa! Wala usinirudishie."

Semeni akaloweka pumba, akazitia kwenye kifuu chenye kina, kifaranga akazamisha uso wote akachota. Asubuhi hivyo, mchana hivyo, jioni hivyo. Ncha za mdomo zikirefuka, Semeni anazisugua kwa jiwe polepole. Wahenga walisema, kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana. Kifaranga akawa tetea, tetea akawa koo, koo akaangua vifaranga kumi, wote midomo imenyooka.

Mwantumu akawaona. Lo, roho ikamuuma! Akavuka ua.

"Shoga, yule kuku nilikupa unilelee tu. Desturi unaijua. Koo ni wangu, vifaranga tunagawana."

Semeni akawatazama wale kuku. Hakuwa na kitu kingine duniani. Lakini hakugomba.

"Kama ni wako, mlishe mbele ya watu. Akila kwako, mchukue na wanawe wote."

Majirani wakajaa uani. Mwantumu akamwaga mtama, mwingi, wa kujionyesha. Koo akaja mbio. Akadonoa, patupu. Mwantumu akaongeza mtama. Patupu. Akachuchumaa, akajaribu kumsukumia punje mdomoni kwa vidole. Koo akapiga mabawa, akakimbilia miguuni kwa Semeni.

Hakuna aliyecheka. Laiti wangecheka, jamani! Walimtazama tu.

"Nilijua," Mwantumu akasema. "Nilijua hawezi kudonoa. Wala sikumpa Semeni kwa wema. Nilimtupa, niliona haya kuonekana naye."

Semeni akainama, akaokota kifaranga mmoja, akamtia Mwantumu viganjani.

"Chukua huyu, shoga. Huyu mdomo wake umenyooka. Huyu utamweza."

Wallahi, hakusema kwa kejeli. Ndiyo maana ilichoma. Angetukanwa, angejibu, Mwantumu nani asiyeujua ulimi wake? Sasa amepewa zawadi, atasema nini? Akamficha kifaranga ndani ya kanga, akapita nyuma ya vyoo vya watu ili asikutane na mtu, akaingia kwake, akafunga mlango mchana kweupe.

Na hadithi yangu nayo imefungiwa humo humo. Ikiwa tamu, nendeni nayo. Ikiwa chungu, niachieni mimi na Mwantumu tuimeze.