Darsa ya Mahujaji na Kisima Kilichofukiwa

Inasimuliwa, na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi, kwamba katika mji wa Wasit aliishi mwanachuoni mmoja akiitwa Sheikh Dhakwani bin Mudriki, aliyewasomesha mahujaji kila Mfunguo Mosi kabla msafara haujaondoka. Aliwafundisha ihramu, tawafu na kisimamo cha Arafa, kisha njia ya jangwani na visima vyake, kwani aliyekufa kwa kiu haioni Kaaba. Yeye mwenyewe alihiji mara moja tu, ujanani, akayaandika aliyoyaona, na maandishi yale yale ndiyo aliyoyasoma kwa miaka ishirini na miwili. Hakuongeza herufi wala hakupunguza. Hata machozi yalimtoka mahali pale pale kila mwaka, na wenyeji waliomzoea waliandaa leso mapema. Mazoea yana taabu, lakini nani angemwambia Sheikh?

Mwaka mmoja, adhuhuri ya siku ile ile msafara ulipoondoka, alijiwa msikitini na mwanamke aliyekondeana. Alikuwa Bibi Rayta, aliyehudhuria darsa mwaka uliotangulia pamoja na mumewe.

“Sheikh, mahujaji wamekwisha ondoka?”

“Wameondoka alfajiri, kwa baraka za Mola.”

“Na kisima cha Jabali Jekundu umewaambiaje?”

“Kama nilivyowaambia ninyi. Kina maji matamu, basi wachukue maji ya siku mbili tu, wasiwachoshe ngamia.”

Bibi Rayta akakaa chini. “Kimefukiwa, Sheikh. Tulichimba kwa mikono tukapata mchanga, na kisima cha mbele ni mwendo wa siku mbili nyingine. Tulizika watu wawili, na mmoja ni mume wangu. Mpaka ulimi ulipomvimba alikuwa akiniambia, ‘Chimba, Rayta, maji yapo. Sheikh amesema.’”

Sheikh akapaaza sauti. “Inna lillahi! Na wenzako waliorudi, mbona hawakuniambia?”

“Waliona haya kukukosoa. Mimi nilibaki na homa kwa mabedui, nimefika leo kwa njia nyingine. Lakini wewe, Sheikh, uliwauliza?”

Hakuwauliza. Miaka yote ile hakupata kumuuliza aliyerudi hata neno moja. Alikuwa akiwapa mkono wake waubusu, basi.

Akapanda nyumbu akawafuata. Watu mia tatu walikuwa wakiliendea kaburi kwa kauli yake! Kila alipopanda kilima hakuona vumbi la msafara, akazidi kumhimiza nyumbu. Humo njiani Ibilisi naye hakukosa la kusema: Waambie kisima kimebomoka juzi. Utawaokoa, na heshima yako itabaki. Sheikh aliogopa kuchelewa, na akaogopa vilevile, wallahi, kuwahi na kusema kweli.

Aliwakuta alasiri kwenye mfereji wa mwisho kabla ya jangwa, wakijaza viriba nusu nusu kama alivyowafundisha. Akasimama mbele yao wote.

“Enyi wageni wa Mwenyezi Mungu, kisima nilichowaahidi kimefukiwa tangu mwaka jana, na watu wawili wamekufa kwa kuniamini. Niliwasomea habari za ujana wangu kana kwamba nimeziona jana. Jazeni maji ya siku nne.”

Mzee mmoja akauliza, “Na mengine je? Hizo tawafu na ihramu nazo ni hivyo hivyo?”

Swali hilo ndilo alilokuwa akiliogopa kuliko yote. “Ibada niliipokea kwa walimu wangu, nao kwa walimu wao. Hiyo haichakai. Lakini njia niliipokea kwa macho yangu, na macho yangu yameondoka huko zamani. Katika hiyo msinisadiki mpaka muulize.”

Amiri wa msafara akaamuru viriba vijazwe.

Miezi iliyofuata Sheikh hakula akashiba. Kila aliposikia kengele za ngamia alishika ukuta. Hata mwezi wa Mfunguo Tano msafara ukarejea, na hakuna aliyekufa kwa kiu. Wakamkimbilia kumbusu mkono, naye akauficha ndani ya kanzu.

“Kaeni kwanza,” akasema. “Niambieni nilikosea wapi.”

Wakaona haya. Bibi Rayta ndiye aliyeanza, nyuma ya pazia, akataja kisima kingine chenye maji ya chumvi. Ndimi zikafunguka. Huyu alisema ihramu ilimshinda kuifunga, yule akasema hakuelewa pa kuanzia tawafu, na Sheikh akaandika mpaka alasiri. Mwaka uliofuata alikuja darasani na shuka mbili, akawafungisha mmoja mmoja. Ikawa ndiyo desturi yake mpaka alipofariki: anayerudi haondoki mpaka aulizwe, na darsa ya mwaka huu si ya mwaka jana. Mola amrehemu.

Ewe ndugu yangu unayefundisha, darsa uliyoisoma mara ishirini ni kuukuu kwako peke yako. Aliyekaa mbele yako anaisikia leo kwa mara ya kwanza, naye ataibeba mpaka jangwani, huko ambako wewe hutakuwapo.