Nyumba Iliyotoka Jasho

Hapo zamani za kale, blanketi likiwa bado halijabuniwa na kila mnyama akijifunika ngozi aliyozaliwa nayo, palikuwa na Nguchiro aliyeishi mlimani na mkewe na kitoto chao kimoja, Tunu.

Nguchiro mnamjua? Yule mwembamba, mwenye mkia mrefu na macho yasiyotulia. Hata akisimama kwa miguu miwili anaishia hapa, gotini kwangu.

Mvua za masika zilikuwa zimeibomoa nyumba yao, wakahamia kwenye shimo la kichuguu. Shimo lilikuwa na unyevu, na Tunu akaanza kukohoa. Kho! Kho! Kho! Bibi Kobe, mjuzi wa dawa, akaja akamwekea sikio kifuani.

"Mama Tunu, mwanangu, sikufichi," akasema. "Sakitu ikimkuta mtoto huyu humu shimoni, hamtakuwa naye."

Sakitu ni ule umande wa milimani unaoganda alfajiri, nyasi zikawa nyeupe kama zimenyunyiziwa chumvi. Mama Tunu akashika kichwa. Nguchiro akashika jembe.

Sasa, nyumba haijengwi na mtu mmoja. Mwenye nyumba anaitisha msaragambo: majirani wanakuja, wanakanyaga udongo, wanakandika kuta, na yeye anawapikia. Sheria ni moja tu. Ukila chakula cha msaragambo, unafanya kazi.

Mama Tunu akapika makande, chungu kikubwa. Wakaja Digidigi na wanawe, wakaja Kanga na dada zake. Lakini waliofika kabla ya wote walikuwa Bwana Nyati na rafiki yake Fisi.

"Chakula kiko wapi?" akanguruma Nyati.

"Shikamoo, Bwana Nyati. Kimeiva, ila tuanze na udongo kwanza," akasema Nguchiro.

"Udongo! Mimi nikanyage udongo na tumbo tupu?"

Akapuliza pua, mffff!, akawasukuma watu kando, akatumbukiza kichwa ndani ya chungu. Fisi akatumbukiza chake upande wa pili. Jamani! Chungu chote! Hata ukoko hawakubakiza. Digidigi alikuwa ameshika sahani yake mkononi, akabaki ameishika hivyo hivyo.

"Haya, wazee, kazi sasa," akasema Nguchiro.

"Kesho," akajibu Nyati huku akijilamba.

"Kesho! Hihihihi!" akaitikia Fisi.

Wakaenda zao. Majirani wakafanya walichoweza na njaa yao, kisha wakarudi makwao. Kazi ya siku moja ikawa ya mwezi mzima. Fito kavu zilikuwa zimekwisha mlimani, ikabidi Nguchiro akate mbichi kwenye miti ya uzio. Mama Tunu akawa anakanyaga udongo mchana kutwa, mtoto mgongoni, kho! kho! kho!

Na siku ile ile Nguchiro alipobandika tonge la mwisho la udongo ukutani, pwa!, ukungu ukashuka. Kipupwe kimeingia.

"Tumechelewa," akasema Mama Tunu. Akaweka kiganja ukutani, kikatoka kimejaa tope. "Chepechepe! Nikimlaza mtoto humu si bora shimoni?"

Alisema kweli. Ukuta mbichi haukauki wakati wa ukungu. Unataka moto mkubwa ndani, siku saba bila kuzimika. Na kuni? Kuni zote za mlimani zilikuwa kwa Nyati. Kila aliyepita njiani na mzigo alinyang'anywa. Nyati na Fisi walikaa chini ya mwamba, hawana nyumba, wana lundo la kuni lililoupita mwamba wenyewe.

Nguchiro akazizunguka kuta mara mbili. Akazigusa zile fito mbichi. Halafu, mtanisadiki? Akachukua panga akaanza kuupanua mlango! Akaupanua, akaupanua, mpaka ukatosha ng'ombe wawili.

"Baba Tunu!" mkewe akapiga kelele. "Umeingiwa na nini? Tunajenga nyumba au zizi?"

"Utaona, mke wangu."

Hakumweleza zaidi ya hapo. Mimi hilo sijamsamehe mpaka leo.

Mchana wake, ukungu umetanda, baridi zizizi, Nyati na Fisi wakapita njiani wakitetemeka. Wakamwona nani? Nguchiro! Amekaa mlangoni, kifua wazi, anajipepea kwa ungo. Maji yanamtiririka usoni, tii, tii, tii. Ni maji ya mtungini hayo, alijimwagia mwenyewe. Lakini wao wangejuaje?

"Nguchiro! Unatoka jasho?" Nyati akasimama mdomo wazi. "Kipupwe hiki?"

"Acheni tu, wazee. Nyumba hii! Nimeijenga vizuri mno. Joto lake halivumiliki. Nimetoka nipumue kidogo."

Nyati akamtazama Fisi. Fisi akamtazama Nyati. Wakaingia kama walioitwa.

"Mbona ukuta umelowa?" akauliza Fisi.

"Si nimekwambia? Hata nyumba yenyewe inatoka jasho!"

Fisi akaugusa ukuta, akalamba kidole. "Kweli, Bwana Nyati! Ni jasho!"

"Toka!" Nyati akamgeukia Nguchiro. "Kuanzia leo nyumba hii ni yangu."

"Bwana wangu, nina mtoto mgonjwa!"

"Mtoto mgonjwa anahitaji hewa safi. Nje iko tele. Toka!"

Mmesikia maneno hayo? Eti hewa safi!

Nguchiro akapiga magoti. "Basi naomba nikuusie jambo moja. Nyumba hii imezoea moto. Uwashe mkubwa, siku saba, usizimike hata kidogo. Ukizimika, joto lote litahama, na mimi sijui linakokwenda."

"Fisi! Lete kuni!"

"Ngapi, bwana?"

"Zote!"

Mama Tunu alikuwa amesimama uani, mtoto mgongoni. Alimwona mumewe akitoka na ungo na kuwapisha wale wawili njia. Aligeuka akarudi kichuguuni, na siku nzima hakumwita mumewe kwa jina lolote.

Siku ya kwanza ikapita. Ya pili. Ya tatu. Moshi ulitoka nyumbani kule mchana kutwa, na Fisi akiimba. Kichuguuni Tunu alikuwa anakohoa.

Siku ya sita Bibi Kobe akaja tena, akasikiliza kifua. Safari hii alimfunika mtoto kwa majani makavu tu.

"Naenda kumpigia Nyati magoti," Mama Tunu akasema. "Anilazie mtoto hata kizingitini."

"Subiri kesho."

"Kesho! Kesho! Na wewe umekuwa Nyati?"

Lo! Neno hilo lilimchoma Nguchiro. Akaenda mbio mpaka nyuma ya nyumba, akagonga ukuta kwa kidole. Ko, ko, ko. Mkavu kabisa! Akachungulia kwenye tundu. Akatazama kuta za ndani juu mpaka chini. Kile alichokitegemea hakikuwapo, wala dalili yake. Akaketi pale chini akalia. Alikuwa amecheza na uhai wa mwanawe, na sasa aliogopa kuliko wakati wowote.

Asubuhi ya saba sakitu ikaanguka. Mlima wote mweupe pepepe. Tunu alikuwa hakohoi tena. Alikuwa anapumua kidogo kidogo, kama anayesahau. Mama yake akasimama, akamfunga mgongoni, aende.

Hajapiga hatua tatu, ikasikika sauti kutoka nyumba mpya.

"MAMA YANGU WEEE!"

Ilikuwa sauti ya Nyati. Nyati analia! Nguchiro alichomoka kama mshale.

Akawakuta wamekumbatiana katikati ya nyumba, mnyama mkubwa na mnyama mkali, wanatetemeka. Kuta zote nne zilikuwa zimeota vidole vya kijani. Vimechomoza kwenye nyufa za udongo, vinatikiswa na upepo wa mlangoni. Kimoja kilikuwa kimemwingia Nyati puani akiwa usingizini.

"Nguchiro! Ukuta umenishika pua!"

"Mimi umenishika sikio!" akalia Fisi.

Nguchiro akaupeleka mkono mdomoni. "Toba! Mmekaa humu siku ngapi?"

"Saba!"

"Saba! Na mmelala, hamkukesha? Mguu je, Bwana Nyati? Mguu unausikia?"

Nyati alikuwa ameulalia mguu wake usiku kucha. Akaukanyagia chini. "Siusikii! Una ganzi! Nguchiro, una ganzi!"

"Basi mizizi imeshaanza kukushika kwa chini. Wewe ndiwe utakuwa nguzo ya kati."

"NGUZO?"

Hakungoja jibu. Puuu! Alitoka kama gogo linaloporomoka mlimani, Fisi amening'inia mkiani, uwiii! uwiii! Na ule mlango mpana, mnaukumbuka? Nyati alipita katikati yake mbio zote zile, na pembe zake zote mbili, na hakubomoa hata punje moja ya udongo.

Mama Tunu alikuwa amefika uani, akaona yote. Akautazama mlango, akamtazama mumewe.

"Kumbe hukuwapanulia waingie," akasema polepole.

"Niliwapanulia watoke. Mpitishe mtoto, mama, ingia!"

Ndani palikuwa na joto zuri, na makaa mekundu, na kuni za kutosha kipupwe kizima. Wakamlaza Tunu karibu na mafiga. Wakakaa wanatazama kifua kile kidogo. Kikapanda. Kikashuka. Jua lilipofika utosini, Tunu akafumbua macho, akapiga chafya, akasema, "Mama, makande."

Mama Tunu akacheka na kulia kwa pamoja. Nguchiro yeye alitoka nje kuchanganya udongo wa kuziba mlango, maana hakutaka mkewe aone uso wake.

Jioni Nyati akarudi. Alikuwa na barafu kwenye kope na jani moja limekwama pembeni mwa mdomo. Akakuta mlango umebaki mdogo, saizi ya nguchiro, na Nguchiro amechungulia pale akila.

"Nguchiro, nieleze ukweli. Ukuta ule uliota nini?"

"Majani, bwana. Fito mbichi za uzio zikipata joto huchipua. Kila aliyewahi kukandika nyumba anajua. Hata watoto wa Digidigi wanajua."

Nyati akautazama ukuta. "Na lile jasho?"

"Udongo mbichi. Kila aliyewahi kukandika nyumba anajua."

"Na... na kuni zangu?"

"Zimenikaushia kuta. Siku ya msaragambo ulikula chungu kizima cha makande, ukasema kazi utafanya kesho. Basi umeifanya, siku saba bila kupumzika, na ukaja na kuni zako. Sikudai tena. Ahsante sana, Bwana Nyati!"

Majirani walikuwa wamejaa uani, wote wamesikia. Nyati akainamisha pembe aivunje nyumba ile, akarudi nyuma hatua mbili, akavuta pumzi, mffff! Hapo upepo ukavuma, na kidole kimoja cha kijani cha ukuta wa nje kikatikisika mbele yake.

"Mizizi!" akapiga kelele, akakimbia mpaka leo hajulikani alipo. Fisi alikuwa ameshatangulia.

Huo ndio mwisho wa habari yangu, naye Tunu alikua akajenga nyumba yake mwenyewe. Nanyi mkae mkijua: anayekula chakula cha kazi akaikimbia kazi, ataifanya tu, tena bila kujua kwamba anaifanya.