Mbwa wa Bi Nyemo

Afisa Tarafa Kiwelu alifika zizini kwa Bi Nyemo na sheria aliyoitunga njiani: mbwa yeyote anayezidi kimo cha meza ya ofisi ni mali ya serikali. Alimtaka Bonge, mbwa mkubwa kama ndama, akalinde geti la nyumbani kwake. Bila Bonge, fisi wangewamaliza mbuzi wa Nyemo kabla ya masika.

"Mchukue, mheshimiwa," alisema Nyemo. "Ila huyu amelelewa na mbuzi tangu hajafumbua macho. Asiyenuka mbuzi hamjali. Kaa nao kidogo akuzoee."

Kiwelu alijitanda ngozi ya beberu aliyopewa na Nyemo juu ya suti, akakaa katikati ya mbuzi hadi alasiri. Bonge alimnusa, akamlamba sikio, akaenda kulala mlangoni.

"Tayari," alisema Kiwelu akiinuka. Bonge alimshika koti kwa meno, taratibu, akamrudisha kundini. Alipojaribu tena, ikawa vilevile.

"Mama, mwambie mimi ni Afisa Tarafa."

"Keshakuhesabu, mheshimiwa. Mbuzi hatoki zizini mpaka mwenye mbwa aseme."

"Basi sema."

"Mimi tena? Mwenye mbwa si wewe? Mwite."

Kiwelu aliita kwa Kiswahili, kisha kwa Kiingereza cha ofisini. Bonge alipiga mwayo.

"Mbwa ni wako, mama."

"Paza sauti kidogo, majirani hawajasikia."

Alipaza. Nyemo akapiga mluzi mmoja, Bonge akapisha mlango.

Mwishowe Kiwelu aliacha kupita njia ya kwa Nyemo, maana kila alipopita, Bonge alimrudisha zizini.