Nani Aende kwa Kalunde

Haya, sogeeni. Leo siwapi sungura wala fisi, nawapa fundo. Wenye kucha walifungue, wasio na kucha wasikilize, na anayetaka kucheka atoke mapema, maana hili halichekeshi.

Palikuwa na hospitali ya ghorofa nne, na mafundi watatu wa mtandao walioihudumia. Nyamizi alikuwa hodari wa kupanga: mwonyeshe nyumba tupu, atakwambia kila kitanda kikae wapi. Kasanda alijua mawimbi ya hewani. Simu yako ikigoma, yeye anasogeza kidude kidogo ukutani, inashika. Mashavu alikuwa na mkono wa kutunza, mtambo alioushika haukuzimika ovyo. Walipendana hao. Chakula cha mchana walikula sahani moja.

Sasa nisikilizeni vizuri. Kila kompyuta, kila simu, kila mashine ya mgonjwa, ikitaka kuzungumza mtandaoni lazima ipate anwani. Chini ya jengo lile kulikuwa na mtambo wa kuzigawa. Mafundi wanauita DHCP, sisi tuuite Mgawaji. Kifaa kikiwashwa kinabisha hodi: nipe anwani. Mgawaji anakikopesha moja kwa muda. Zikiisha, anayebisha anabaki nje, na huko nje hata akilia hasikiwi.

Nyamizi ndiye aliyepiga hesabu. Aliipa kila ghorofa fungu lake la anwani, na ghorofa ya juu, wodi ya watoto wachanga, akaipa fungu nono. Mashavu akamuuliza, "Mashine za wagonjwa huzitengei anwani zao za kudumu?"

"Zinahamahama," Nyamizi akajibu. "Leo ziko wodini, kesho stoo. Na fungu lenyewe kubwa hivi, nani atalijaza?" Alikuwa sahihi, fungu lilizidi vifaa vyote vya wodi ile.

Kasanda ndiye aliyewafungulia wageni mtandao. Aliwaona kina mama wanakaa na vichanga vyao majuma kwa majuma, na baba yuko machimboni, hajaona hata picha. Akaona fungu la juu lina nafasi, akawaingiza humo. "Zimekaa bure," aliwaambia wenzake, "na mtu anataka kumwona mwanawe." Wewe ungemkatalia?

Mashavu ndiye aliyerefusha mkopo. Waya unaopanda juu ulikuwa mbovu. Ukikatika, na mikopo ikiisha kabla haujaungwa, vifaa vya wodini vinapoteza anwani. Aliomba waya mpya, akaambiwa asubiri, mnazijua ofisi zetu. Basi akapanga kila anayepewa anwani akae nayo wiki nzima. Tangu hapo wodi haikulalamika tena.

Mnaona ubaya wowote hapo? Hata mimi siuoni, na ndiyo maana roho inaniuma.

Basi mama mmoja, Kalunde, akajifungua hapo kwa upasuaji, mtoto wa kike, baada ya miaka ya kusimangwa na mawifi kwamba ni mgumba. Nanyi mnawajua watu wetu mtu akijifungua. Ukoo mzima utakuja, na majirani, na kwaya, wenye uji, wenye supu, hata yule mliyenuniana naye atakuja kutoa hongera. Walipanda kumchungulia mtoto kupitia kioo, na kila simu iliyopanda ilibisha hodi kwa Mgawaji ikapewa anwani. Watu wakarudi makwao. Anwani zikabaki zimeshikwa, kama mgeni aliyeondoka na ufunguo wa chumba mfukoni.

Mchana mmoja wa wiki hiyohiyo mtoto wa Kalunde akaanza kuhema kwa shida. Muuguzi akatoa stoo mashine ya kupima pumzi, akamfunga nyaya zake, akaiwasha, akakimbilia chumba cha pili kwa mgonjwa mwingine. Hivyo ndivyo walivyozoea: pumzi ya mtoto ikienda vibaya, mashine inapeleka habari na skrini ya chumba cha pili inalia. Mashine ikabisha hodi. Mgawaji hakuwa na kitu. Ikalia peke yake nyuma ya milango ya vioo, na kule kwenye skrini kimya. Muuguzi aliporudi, mtoto alikuwa ameshakwenda.

Daktari mkuu alikwenda mwenyewe msibani. "Ni hitilafu ya mtandao, mama. Tunasikitika sana."

Kalunde akamtazama. "Huo mtandao una jina? Una mama? Mimi nileteeni mtu. Jumapili aje kwangu, akae mbele yangu, aseme ni mimi."

"Mafundi ni watatu, mama. Watakuja wote."

"Wakija watatu watagawana, kila mmoja atabeba kipande. Mimi nilibeba mtoto mzima. Nitaweka kiti kimoja."

Mafundi wakakutana. Nyamizi akasema, "Fungu langu lilitosha, mpaka wageni walipoingizwa." Kasanda akasema, "Wageni wangu waliondoka. Anwani ndizo hazikuachiwa." Mashavu akasema, "Mkopo wangu usingemdhuru mtu, kama mashine ya mgonjwa ingekuwa na anwani yake." Yote ni kweli. Siku hizi hawali tena sahani moja.

Na kuna jambo jingine, ndilo linalowafunga miguu. Wiki ile wageni waliojaa juu, wenye simu zilizoshika anwani, walikuwa wa Kalunde: mawifi, shangazi, hata mama yake mzazi, aliyempiga mjukuu picha akaituma palepale kwa furaha. Jumapili watakuwa wamekaa mkekani, nyuma ya kiti kile. Na Kalunde atauliza, hawezi kuacha kuuliza: nafasi ya mwanangu aliichukua nani?

Kiti kimeshatolewa uani, kimefutwa vumbi. Usiniambie waende wote, mwenyewe amekataa. Usiniambie ni kazi ya Mungu, hilo nenda kamwambie wewe. Fundo ni lenu sasa. Nani akakae pale: aliyegawa mafungu, aliyewafungulia wageni, au aliyerefusha mkopo? Je, wewe ungeamua vipi? Na kama ni wewe uliyekaa, akikuuliza, ungemjibu mbele ya mama yake?