Kabari ya Shilinde

Mtu mmoja, Kashindye, alikuwa na karakana ya majembe na mashoka, na watoto watatu wa kufanya kazi ndani yake. Maige alichonga mipini yote kwa kipimo kimoja, maana baba yao aliona ni upuuzi kila chombo kianze na mti wake. Shilinde aliitia mipini hiyo kwenye mashoka. Nyamizi, binti wa mwisho, aliitia kwenye majembe, akiikata kwa kimo cha mlimaji. Kazi ikaenda upesi, na wakulima wakaja kutoka mbali. Kashindye akaona imetosha. Akawa anakaa barazani akipokea salamu.

Mwaka mmoja kijiti cha Maige cha kupimia kililika kwa kutumika, naye asitambue. Mipini ikaanza kutoka myembamba kichwani, kwa unene wa ukucha tu. Shilinde aligundua siku ileile. Akachonga kabari, kijiti chembamba cha kujazia nafasi, akaigongomea kati ya mpini na chuma, shoka likakaa imara. Akafanya hivyo kila siku, na watu wakasema mashoka ya Shilinde hayachezi. Sifa zikamnogea, asimwambie mtu. Kashindye alipenda kusema kidole kimoja hakivunji chawa, lakini vidole vyake mwenyewe hakuwahi kuviketisha pamoja akaviuliza habari za kazi.

Mvua za kwanza zilipoanguka, mjane aitwaye Kabula aliinua jembe alilotiliwa mpini na Nyamizi. Alipolishusha, chuma kilichomoka kikamkata mguu. Mvua zikaisha shamba lake halijalimwa, na hakuwa na mtu wa kumlimia.

Nyamizi alilia mpaka sauti ikamkauka. Kashindye akaenda kukagua kazi yote, na alipozishika kabari za mashoka kwa mkono wake, alimgeukia Shilinde, akamuuliza kama alijua kuwa mipini ni myembamba.

"Nilijua, baba," Shilinde akajibu. "Ndiyo maana mashoka yangu hayajachomoka."

Jibu hilo nimelisimulia mara nyingi, na bado linanichoma.

Ninyi mnaotengeneza programu za kompyuta, nyingi kutoka msingi mmoja, mpini ndio msingi wenu. Kuuchonga ni kazi, na kuutia kwenye chombo cha mteja ni kazi. Kumrudishia mchongaji habari nako ni kazi, na mwenye karakana ndiye wa kuhakikisha inafanyika. Basi niambieni: kati ya Shilinde aliyejua na Kashindye asiyeuliza, ni nani aliyeukata mguu wa Kabula?