Fundi Kigogota na Nyumba Inayouzwa Kando

Aliyeisimulia kwanza hadithi hii ni Bi Chausiku binti Mwinyimkuu wa Saadani. Aliisimulia msimu wa kupura mpunga, mwaka uliofuata mwaka wa nzige. Wapo wanaosema aliipata kwa wageni waliopita na chumvi. Si kweli. Aliitunga mwenyewe, ungo ukiwa mapajani, na waliokuwa uwanjani waliacha kupura wakamsikiliza. Alianza hivi, na hapa inaanza vivyo hivyo.

Paukwa!

Pakawa!

Paukwa bao.

Pakawa wachezaji wawili.

Hapo zamani za kale, katika nchi ya majabali, palikuwa na chemchemi moja tu isiyokauka kiangazi. Maji yake yalikuwa machache. Asubuhi yalikuwa maangavu, adhuhuri yalikuwa tope. Aliyekunywa kwanza alikunywa maji. Aliyekunywa mwisho alikunywa tope.

Zamani zaidi wanyama walipigania zamu. Mwenye meno aliuma, mwenye pembe alichoma, mdogo alikanyagwa. Wakachoka. Wakakubaliana kwamba kiangazi nguvu ziwekwe kando, watu wacheze bao. Atakayeshinda ateremke kwanza na jamaa zake. Na desturi ikawa hii: mwenye bao hualika, asiye na bao hungoja kualikwa.

Katika wanyama hao alikuwako Pimbi. Pembe hana, mkia hana, na akiogopa hupiga mluzi akajificha mwambani. Lakini kwenye bao aliogopwa. Kete zikiingia mkononi mwake zilijua njia. Alipanda kete, akala za mwenzake, akazunguka, akala tena, na mpinzani alipoinua macho safu yake ya mbele ilikuwa tupu. Kwa sababu hiyo mke wa Pimbi na watoto wake, hata kitindamimba wao Chembe, walikunywa maji maangavu kila kiangazi.

Mabao yote ya nchi ile yalichongwa na Fundi Kigogota. Hakuna mwingine aliyekuwa na mdomo wa kutoboa mti. Go, go, go, shimo. Go, go, go, shimo. Safu nne za mashimo, na kila upande shimo moja la pembe nne linaloitwa nyumba. Nyumba ndiyo akiba ya mchezaji. Ukiwa na nyumba una pa kukimbilia, usipokuwa nayo unachezea jua kali. Kete zilikuwa komwe, na komwe ziliokotwa bure chini ya mkomwe. Bei ya bao ilikuwa kikapu cha kumbikumbi wakavu. Kumbikumbi huruka mvua za kwanza tu, kwa hiyo kila jamaa iliwakausha na kuwaweka.

Basi ukaja mwaka wa mchwa. Mchwa walikula mabao. Pimbi alitia kete shimoni, kete ikamwangukia mguuni. Alipoligeuza bao aliona mwanga upande wa pili. Kwa Ngiri ilikuwa hivyo hivyo. Kwa Kanga, kwa Nguchiro, kwa Nungunungu, hivyo hivyo. Kila mtu akasema atakwenda kwa Fundi.

Kabla hawajakwenda, akaja Hondohondo. Huyu ndiye aliyekuwa mtangazaji wa Fundi, kwa kuwa sauti yake husikika mabonde mawili. Alibeba bao jipya, akaliweka juu ya jiwe walione.

"Fundi anawasalimu," akasema. "Anasema mmeteseka vya kutosha na mabao mazito. Hili ni jembamba. Unalitia kwapani unakwenda nalo utakako."

Wanyama wakatazamana. Hakuna aliyekumbuka kulalamikia uzito. Nungunungu, mwenye miiba tangu kisogoni mpaka kiunoni, akauliza kwa upole, "Kwapani kwangu au kwako?"

Walicheka. Hondohondo hakucheka. Aliendelea kueleza kwamba bei sasa ni vikapu viwili. Mashimo yamepunguzwa, komwe haziingii tena, bao litakuja na kete zake ndogo. Mabao ya zamani Fundi hatayaziba, hata uyalete yakilia.

Ngiri alilizunguka lile bao. Aliona mashimo ya duara matupu. Akauliza nyumba iko wapi.

"Nyumba ipo," akasema Hondohondo. "Inauzwa kando. Kila mchezaji anaichomeka yake ubavuni."

"Kwa bei gani?"

"Kikapu."

"Kwa hiyo vikapu viwili ni bei ya kulala nje," akasema Nungunungu.

Siku ile ile wakakutana kwa Ngiri. Wote walisema, na Ngiri alisema kuliko wote. Alisema Kigogota ni mdomo tu, bila wao angekula magome. Kanga alisema tangu ahamie mti mrefu ameota kiburi. Nguchiro alisema hata akipewa bure atalikataa. Wakala yamini. Kila mmoja alilamba udongo na kusema, "Nikinunua bao jipya, maji yanikwame kooni." Pimbi naye alilamba. Kelele zao zilivuka bonde zikafika kwenye mti wa Fundi.

Pimbi alirudi nyumbani akiwa na udongo ulimini na shaka moyoni. Kiapo ni kizuri kikiwa cha wote. Je, mmoja akinunua? Huyo ataalika. Na nani atamwalika Pimbi, mtu anayejulikana kwa kushinda? Atangoja mpaka adhuhuri. Akamtazama Chembe aliyelala, tumbo likipanda na kushuka. Akaenda ghalani akatoa vikapu viwili. Ndivyo vilivyokuwamo. Akamwambia mkewe anakwenda kuangalia tu.

"Baba Chembe," mkewe akasema, "anayekwenda kuangalia tu habebi vikapu."

Akaondoka alfajiri kwa njia ya nyuma ya majabali, asionekane. Njiani akamkuta Nguchiro na kikapu. Nguchiro akasema anatafuta mayai. Mbele yao akaonekana Kanga, naye akasema amepotea. Mbele ya Kanga alikuwa Nungunungu, aliyesema anakwenda kumwona mgonjwa. Wakamwuliza ni nani anayeumwa. Akasema bado hajajua.

Walipofika chini ya mti wa Fundi, Ngiri alikuwa wa kwanza kwenye foleni. Majani yalikuwa yamemganda ubavuni, kwa maana alikuwa amelala hapo hapo.

"Nimekuja kumwonya," akasema Ngiri.

"Kwa vikapu vyote hivyo?" akauliza Nungunungu.

Fundi Kigogota akatoa kichwa tunduni. Aliwatazama mmoja mmoja, kwa kituo.

"Jana nilisikia kelele zenu nikaogopa," akasema. "Mdomo ulitetemeka, sikuweza kuchonga. Nikajisemea, kesho nitairudisha bei ya zamani. Leo nimeamka nimeona miguu yenu. Midomo imesema hapana, miguu imesema ndiyo. Mimi nauzia miguu. Bei ni vikapu vitatu."

Ngiri alilipa vitatu, akaongeza cha nyumba. Nungunungu alilipa vitatu, cha nyumba hakuwa nacho. Kanga na Nguchiro walichanga wakanunua moja kwa wawili, na nyumba moja. Pimbi alikuwa na viwili. Aliomba aviweke, kilichobaki alete mvua zikinyesha. Kigogota akamwambia mkopo ulizikwa pamoja na babake yeye Fundi. Pimbi akajitwika vikapu vyake akarudi. Safari hii alipita njia ya mbele, kwa kuwa aibu ilikuwa imeshamwona.

Kiangazi kikaiva. Ngiri alikaa chemchemini na bao lake jipya, linang'aa. Alialika aliowaweza. Alimwalika Kanga akamfunga. Alimwalika Nguchiro akamfunga. Alimwalika Nungunungu, ambaye hakuwa na nyumba ya kuchomeka upande wake, akamfunga mapema zaidi. Akateremka na jamaa zake, wakanywa, wakagaagaa. Pimbi aliketi mwambani akingoja kualikwa. Hakualikwa. Alipopata zamu yake ilikuwa tope.

Jana tope, leo tope, kesho tope. Watoto wakubwa walikunywa wakafumba macho. Chembe alikunywa akatapika. Akaacha kucheza, kisha akaacha kupiga mluzi. Mkewe Pimbi hakulaumu. Alisema tu kwamba mtoto huyu hatafika mvua kwa maji haya.

Siku iliyofuata Pimbi aliwahi chemchemini na mfuko wake wa komwe, ingawa hazikuwa na kazi tena. Alikaa kwenye tope lililokauka, akazichezea mkononi. Mbele yake zilikuwapo nyayo za Ngiri, zimezama na kukakamaa. Akadondosha komwe moja katika unyayo. Ikakaa. Akadondosha nyingine katika unyayo wa pili. Ikakaa.

Pimbi akaziinamia zile nyayo. Alimkumbuka Fundi kazini. Go, go, go. Fundi hakuwa akitia kitu. Alikuwa akitoa. Basi akaanza kukwangua. Kwa, kwa, kwa, shimo. Kwa, kwa, kwa, shimo. Kucha zilimuuma, hakuacha. Nungunungu akapita na bao lake lisilo na nyumba. Alisimama akatazama. Kisha akajichomoa mwiba mmoja, akainama, akalichonga shimo moja kila upande likawa na pembe nne.

"Nyumba," akasema. "Bure. Ukitaka nikuuzie kando, sema."

"Karibu, jirani," akasema Pimbi. "Nakualika."

Ngiri alisikia neno hilo akaja mbio. Akasema haiwezekani. Desturi imesema mwenye bao ndiye hualika, na bao ni ubao, ni mti uliochongwa na fundi. Hili si bao, ni mashimo.

Pimbi hakuinua macho. "Bwana Ngiri," akasema, "miaka yote tumetia kete kwenye mti au kwenye shimo?"

"Kwenye shimo."

"Na shimo ni kitu gani? Ni pale Fundi alipotoa. Tulimlipa kwa kisichokuwapo. Hata mimi naweza kutoa."

Nungunungu alikuwa ameshakaa. Wakagawana komwe. Pu, pu, pu, zikaanguka udongoni. Sauti ilikuwa nzito kuliko ya mti, lakini mwendo ulikuwa ule ule. Pimbi akala, akazunguka. Nungunungu akaficha kete nyumbani kwake, akatabasamu kwa mara ya kwanza kiangazi kile. Kanga akasogea. Nguchiro akasogea. Wakaanza kubishana nani angecheza wapi, kama zamani.

Ngiri akarudi kwenye bao lake. Akalifuta vumbi. Akamwalika Kanga. Kanga akasema angoje kidogo, anataka kuona Pimbi atatokaje pale. Akamwalika Nguchiro. Nguchiro hakusikia. Ngiri akaketi peke yake. Jua likapanda. Nguvu za kuwasukuma wote na kunywa alikuwa nazo, lakini alikuwa mmoja wa waliotaka desturi ile, na watoto wake walikuwa wakimtazama. Bao ni la wawili. Mmoja akiondoka, unabaki ubao.

Mwisho kiu ikamwinua. Akaja pale udongoni, akasimama, akakohoa.

"Mdogo wangu," akamwambia Pimbi, "nialike."

Pimbi akamwalika. Walicheza mchezo mrefu. Ngiri alicheza vizuri, hilo lisemwe, kwa maana alikuwa mchezaji kabla ya kuwa mnunuzi. Lakini Pimbi alimnyang'anya nyumba, kisha safu ya mbele, na ilipobaki tupu akasema kwa sauti ndogo neno la mshindi wa bao, "Hamna."

Siku hiyo maji yalikuwa yameshachafuka kidogo kwa ndege wa angani wasiofuata zamu. Kesho yake Pimbi alishinda asubuhi. Mkewe akateremka na Chembe mgongoni. Chembe akanywa. Akanywa tena. Siku chache baadaye mluzi wake ulisikika mwambani, mwembamba, na babake akapoteza kete kwa kuusikiliza.

Wengine nao wakachimba. Kila jiwe lenye udongo mbele yake likapata mashimo.

Huko mtini Fundi Kigogota alichonga mabao mapya, akayapanga, akangoja miguu. Miguu haikuja. Akamtuma Hondohondo atangaze kwamba bei imerudi vikapu viwili. Hakuna aliyekwenda. Akamtuma atangaze kikapu kimoja, na nyumba humo humo, na mashimo yamepanuliwa yaingie komwe. Hondohondo akatua juu ya jiwe, akatangaza kwa sauti ya mabonde mawili. Nungunungu akamwomba apunguze sauti, anahesabu kete. Hondohondo akatangaza mara ya pili, kisha akaruka kurudi.

"Wamesema nini?" akauliza Kigogota.

"Hawakusema kitu."

"Wamekasirika?"

"Hapana. Wanacheza."

Kigogota akaacha kuchonga. Kelele alikuwa ameshazijua. Kimya hiki hakukijua, na hapo ndipo alipoogopa kweli.

Mafunzo yake ni haya. Muuzaji hasikii midomo, hutazama miguu. Anayelalamika kwenye foleni amekwisha kukubali bei. Na mchezo ni wa wachezaji, si wa mwenye ubao.

Hadithi yangu imeishia hapo ilipoishia. Iliyobaki ni habari za jamaa. Ngiri aliliwa na chui. Kanga na Nguchiro walikufa mwaka mmoja. Nungunungu alikufa kwa uzee, na Pimbi na mkewe hawakuchelewa kumfuata. Fundi Kigogota alikufa mtini kwake. Walio hai ni wawili. Chembe yu hai, ana wajukuu, na ukitaka kumfunga bao amka mapema. Hondohondo naye yu hai, na bado anatangaza.