Somo wa Sikudhani

Hapo zamani, na msiniulize lini, Chausiku alikuwa na binti mmoja, Sikudhani, ambaye kifua chake kilipiga mluzi kila alipovuta pumzi. Alipewa dawa za pumu, wapi! Mama mtu akamshuku kila mtu, na zaidi mke mwenzake, Mwanahawa, asiye na mtoto, aliyependa kumwekea binti sikio kifuani. "Anamsikiliza nini mwanangu? Mchawi huyo!" Akaweka nadhiri mbele ya watu: atakayesababisha Sikudhani apone ndiye atakayekuwa somo wake, amfunde atakapovunja ungo.

Siku moja Chausiku alikwenda gulioni. Huku nyuma mkwewe, Bi Nunu, akamchukua mjukuu kimyakimya mpaka kwa Bi Kesi, mkata vimeo, akatwe kile kinyama kinachoning'inia kooni. Maana kwao kikohozi kisichopona ni kimeo, basi. Bi Kesi akamfunua mtoto mdomo, akatazama, akarudisha wembe. "Hiki hakina kosa. Kinachomziba kiko chini. Mpelekeni hospitali, asinifie mikononi."

Chausiku aliposikia, alifura. "Mmepanga! Mnataka akafie huko, mjivue lawama!" Akamfungia mtoto ndani. Midomo ya Sikudhani ikaanza kuiva rangi ya zambarau.

Chausiku alipokwenda kisimani, Mwanahawa akavunja kufuli, akambeba mtoto mgongoni, mbio hospitali. Daktari akapitisha kamera kooni, akakuta uvimbe umeota ndani ya njia ya hewa. "Kwa watoto ni nadra sana," akasema. Baba akaitwa, akaridhia, uvimbe ukatolewa. Mluzi ukakoma.

Haya, wakaja kudai.

Bi Nunu akasema, "Nisingemtoa, nani angejua si kimeo?"

"Ulimtoa akatwe!" Chausiku akamjibu.

Bi Kesi akasema, "Ningekata, mngemzika. Mimi ndiye niliyesema hospitali."

"Uliogopea jina lako wewe!"

Mwanahawa akasema, "Mimi nilimwiba. Ningekuomba, ungenipa?"

Hapo Chausiku alimtazama mwanawe aliyelala ametulia, akatamani kumkumbatia mke mwenzake, na papo hapo akamwogopa. Leo kamwiba apone. Kesho, akishakuwa somo, si atamchukua moja kwa moja? Lakini ahadi ni deni, na watu waliisikia.

Enhe, nyie mnaonitolea macho, semeni: aliyemtoa akatwe, aliyekataa kwa woga, au aliyemwiba? Je, nani alistahili kukabidhiwa Sikudhani?